Aliyetafuta Gitaa Ndani ya Harusi Zetu

Wasomaji wangu, jirani yetu wa Makongeni ametutoka, yule fundi wa reli mstaafu aliyekusanya video za Mzungu mpiga gitaa la roki. Amekwenda asubuhi, kikombe cha chai mkononi, mkewe akimsimulia habari za mvua; alipoona hajibiwi alidhani ni ule ubishi wake wa kila siku. Majina ya watu wa mtaa huu ninayo yote kichwani, hata ya waliohama, ila hapa huwa sitaji mtu, nanyi mnanijua. Lakini nikisema mzee wa kanda za video, nani kutoka Majengo hadi Umoja asiyemfahamu? Aliingia nyumba nyingi kuliko mhubiri.

Mzungu huyo alizunguka dunia akipiga gitaa, na mzee wetu akakusanya kanda za kila alikopita. Watu wa ng'ambo wasiowahi kumwona walimtumia vipande ambavyo havikuuzwa dukani, naye akavitunza kama mayai. Kilichomnyima raha ni kimoja tu. Mzungu alipopita Nairobi, mzee wetu, enzi hizo kijana mwenye nywele kama kofia, alisimama mbele kabisa ya jukwaa, na aliyepiga video siku hiyo alikuwa mpiga picha wa mtaa wetu peke yake. Miaka ikapita, akamfuata kuiulizia kanda ile. "Kanda zilikuwa ghali, ndugu yangu," akajibiwa. "Nilirekodi harusi juu yake." "Harusi ya nani?" "Ya watu wa hapa hapa Eastlands."

Ndipo akaja kwangu. "Shemeji, wewe hukosi harusi. Huyu jamaa alipiga za nani na nani?" Nikamtajia moja baada ya nyingine, bwana, bibi na wasimamizi wao. Alisema harusi ikiwa fupi kuliko kanda, kilichokuwamo zamani hubaki kule mwisho, na sisi sote tukifika kwenye keki tunazima. Basi akaanza kubisha hodi. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli, maana huwezi kuketi sebuleni kwa watu ukaipeleka mbio harusi yao. Aliangalia kila moja tangu bibi harusi anasukwa nywele, akasifu gauni, akauliza jina la shangazi mwenye kilemba. Mama mmoja wa Umoja akamuuliza, "Sasa yangu umeionaje?" "Nzuri sana, mama. Imeisha mapema tu." "Imeisha wapi? Si huyo bwana harusi anakoroma hapo kwa kiti? Bado tunaendelea!"

Kanda ya harusi ya binti yangu sikuitoa upesi. Marehemu mume wangu anaonekana akitembea humo tu. Picha zake nyingine zote amesimama wima kama mlingoti. Na deki kuukuu ya video, mnajua, hutafuna kanda. Nikamwambia wazi, "Ikitafunwa, utakuwa umenizikia mume mara ya pili." Hakubishana. Alikwenda akaifungua deki yake yote, akaisafisha, akaileta kwangu na kanda yake mwenyewe, iliyo adimu kuliko zote alizokuwa nazo. Akaitia mbele ya macho yangu. "Kama ni kutafuna, ianze na yangu."

Ilicheza vizuri. Nikatoa ya kwetu. Tukamwona mume wangu akiwaongoza wazee wenzake kucheza, koti limefunguka, tai imehamia begani. Keki ikakatwa. Chenga zikajaa kwenye skrini, nikajua basi, yamekwisha. Mara gitaa likalia! Mzungu mwembamba, jasho linamtiririka, na umati wa Nairobi unaruka. Mzee akapanda juu ya kochi langu na viatu vyake. "Ndiye! Shemeji, ndiye huyo!" Wimbo haukumalizika, kanda ikakatika. Nilidhani ataniomba niurudie. Akapangusa macho, akasema, "Rudisha pale ndugu yangu anapocheza. Mzungu ana gitaa, lakini kiuno hana."

Baadaye alizihamisha harusi zote kwenye flashi, akampelekea kila mtu yake bila kuombwa. Juzi matangani, kabla ya safari ya kumpeleka magharibi alikozaliwa, wanawe walitundika shuka ukutani wakazionyesha. Watu walisahau kulia. "Huyo mwembamba ni wewe?" "Na wewe hizo nywele ulizipeleka wapi?" Lilipofika lile gitaa, akina mama wa kwaya waliinuka wakacheza, na mjane akacheza nao.

Watu walimcheka eti anampenda mgeni asiyejua hata Makongeni iko wapi. Mimi nasema, kwa ajili ya mgeni huyo alitutazama sisi sote kuliko tulivyowahi kutazamana. Wewe unayependa kitu ambacho wenzako hawakielewi, kipende tu. Ila ukienda kukitafuta nyumbani kwa watu, keti, unywe chai, na utazame cha kwao mpaka mwisho.