Jina Lililofungua Faili la Chiku

Mwanarusi Iddi alikuwa mzaliwa wa Msambweni, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, na kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za zahanati tatu za Daktari Kavenya: moja Ukunda, moja Msambweni, moja Shimoni. Hakuisomea kazi hiyo. Aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi, akajizoeza kurekebisha printa zilizokwama, kisha mtandao uliokatika, na kufikia mwaka wa nane kila aliyeshindwa na kompyuta alimpigia yeye simu. Aliipenda kazi yake na hakuwahi kuiogopa, mpaka Jumanne moja ya mwezi wa Machi.

Siku hiyo, saa tatu na robo asubuhi, muuguzi Twaiba aliingia ofisini kwake Msambweni bila kubisha hodi.

"Mumewe Chiku yuko langoni," alisema. "Amemwambia mlinzi kwamba mkewe ana miadi saa tatu na nusu."

Chiku alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa ametoroka kwake Samburu, kule kwenye barabara kuu ya Nairobi, baada ya mumewe, Tsuma, kumvunja mkono. Wafanyakazi wanne tu wa Msambweni ndio waliojua habari zake, na juu ya faili lake ndani ya kompyuta paliandikwa kwa herufi nyekundu: asielezwe mtu yeyote. Miadi yake kweli ilikuwa saa tatu na nusu. Kilichomwokoa ni kwamba aliwahi, na muda huo alikuwa tayari maabara akitolewa damu.

Walimpitisha uani, penye kamba za kuanikia mashuka, wakamtoa kwa mlango wa nyuma. Mwanarusi alimshika mkono mpaka bodaboda ilipofika.

"Dada, ni nani aliyemwambia?" Chiku aliuliza. "Hata mama yangu mzazi hajui niliko."

"Sijui, mdogo wangu. Nitatafuta."

Alirudi ofisini akaketi, akafungua orodha ambayo kompyuta huiweka ya kila mtu anayefungua faili. Wiki iliyotangulia faili la Chiku lilikuwa limefunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza na Twaiba. Mara ya pili ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kwenye kompyuta ya mapokezi ya Ukunda. Jina la aliyefungua lilikuwa Mwanarusi Iddi.

Alilisoma mara tatu. Alhamisi ile alikuwa Kisiwa cha Funzi, matangani kwa mjomba wake.

Kisha akakumbuka. Akiwa kulekule Funzi, mapokezi ya Ukunda walimpigia kwamba mfumo umewakatalia na wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Watu walikuwa wakisoma hitima, akaona haya kuzungumza kwa simu muda mrefu. Akawatajia neno lake la siri, akijiambia atalibadilisha kesho yake. Hakulibadilisha. Alikuwa na maneno ya siri tisa, kila mfumo na lake: la wagonjwa, la dawa, la miadi, la barua pepe, na mengineyo, yote ameyaandika kwenye daftari la mazoezi lililowekwa ndani ya droo ya meza. Wenzake nao walikuwa hivyohivyo. Ukunda watu saba waliingia kwa jina moja, na Mbuvi, karani aliyeacha kazi mwaka uliopita, jina lake lilikuwa bado linafungua.

Aliifunga ile orodha. Hakumwambia mtu.

Siku ya pili Daktari Kavenya aliwaita wote. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, Mkamba aliyelelewa na wazazi waliohamia mashamba ya Lungalunga, na hasira yake ilikuwa ya kimya.

"Mwanarusi, nani alifungua lile faili?"

"Daktari, mifumo yetu haiwezi kusema kwa hakika. Watu wanatumiana maneno ya siri."

Lilikuwa jambo la kweli, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikilisema alijua kwamba ni uongo.

"Basi nitafutie mfumo mwingine," Daktari alisema. "Kila mtu aingie mara moja tu asubuhi, kwa jina lake, na afunguliwe yale yanayohusu kazi yake. Akiacha kazi, afungiwe kila mahali mara moja. Nakupa wiki mbili. Utachagua wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayeutunza."

Tangu hapo Mwanarusi hakula vizuri. Kuingia mara moja maana yake ni ufunguo mmoja kwa milango yote tisa. Mtu kama Tsuma akiupata huo mmoja, je? Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuitamka hata alipokuwa peke yake: mfumo wowote mzuri ungesema jina la aliyefungua, na jina hilo lilikuwa lake.

Wa kwanza kuja alikuwa Ngui, kijana mchangamfu wa kampuni moja ya Nairobi, mwenye ofisi Diani.

"Siste, hii kitu ni rahisi sana," alisema akifungua kompyuta yake. "Kila kitu kinakaa kwa mashine zetu huko ng'ambo. Mtu anaweka neno lake la siri, anatumiwa namba kwa simu, ameingia. Na zile rekodi zenu za zamani hatuzibebi. Zote zinafutika, mnaanza fresh."

"Hata orodha ya walioingia zamani?"

"Hata hiyo. Ya nini?"

Mwanarusi alihisi kifua kikimlegea kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Jioni alianza kuandika barua ya kumwambia Daktari kwamba amepata.

Kesho yake asubuhi simu ya ofisi ililia.

"Shikamoo," sauti ya mwanamume ilisema, tulivu, yenye adabu.

"Marahaba."

"Samahani kwa usumbufu, dada. Namuulizia mke wangu, Chiku. Nasikia alikosa miadi yake. Mmempangia siku gani nyingine? Nataka nimletee nguo za mtoto."



"Hatutoi habari za mtu kwa simu," Mwanarusi alisema.

"Mbona ninyi mna maneno mengi? Wenzenu wa Ukunda ni watu wazuri. Nilipopiga kule walinijibu vizuri tu." "Jina lako nani, dada?"

Alikata simu. Akainuka akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, ingawa ilikuwa saa nne, jua limewaka, wagonjwa wanazungumza barazani. Alikaa hivyo mpaka Twaiba alipobisha kuuliza kama ni mzima.

Siku hiyo alimtaka Ngui amwonyeshe mfumo wake ukifanya kazi. Wakafungua jina la majaribio na kuliingiza kwenye mfumo wa dawa, kwenye kompyuta ya Shimoni. Kisha Mwanarusi akalifuta jina hilo, kama mtu aliyefukuzwa kazi, akawapigia Shimoni.

"Kioo cha kompyuta kimefungwa?"

"La, kiko wazi. Naona dawa zote."

Alisubiri nusu saa akapiga tena. Kiko wazi.

"Hiyo ni kawaida, siste," Ngui alisema. "Ukishaingia, unakaa ndani kwa muda wa saa nane. Kesho hataweza."

"Saa nane ni nyingi," Mwanarusi alisema. Aliwaza kumbe mtu anaweza kufungiwa mlango ilhali yumo ndani, na sauti ile yenye adabu ikamrudia masikioni. Aliichana barua aliyoianza. Halafu, kabla moyo haujamgeuka, alipanda tuktuk mpaka Ukunda, alikokuwa Daktari Kavenya siku hiyo.

Alimkuta amemaliza mgonjwa mmoja, wa pili hajaingia. Alisema amesimama.

"Daktari, faili la Chiku lilifunguliwa kwa jina langu. Niliwatajia mapokezi ya hapa neno langu la siri. Nilijua tangu siku ile, nikakuficha. Nilikuwa karibu kuchagua mfumo ambao ungelifuta jina langu."

Mwanarusi alisubiri kuambiwa akusanye vitu vyake.

"Nani alikuwa mapokezi?" Daktari aliuliza.

Alikuwa Fauzia, binti wa Ukunda, mpole, aliyeanza kazi mwezi wa Januari. Alipoitwa, alianza kulia kabla ya kuulizwa.

"Aliyepiga simu alisema ni kaka yake Chiku," alisema. "Alisema mama yao mgonjwa mahututi na anamtafuta dada yake. Alinihimiza, alikuwa kama analia. Da Mwanarusi, kompyuta ilikuwa wazi kwa jina lako, faili la Msambweni likatokea. Maandishi mekundu niliyaona. Nikadhani yanazuia watu wabaya, si ndugu."

Mwanarusi alitambua kwamba miaka yote alikuwa akimwogopa mwizi, na aliyefungua mlango alikuwa msichana mwenye huruma.

Daktari alimwandikia kila mmoja barua ya onyo. Kwa Mwanarusi akaongeza kwa mdomo: "Ungekuwa umenificha wiki moja zaidi, ungeondoka. Sasa nenda ukachague vizuri."

Wa pili alikuwa Sharif, fundi wa Kwale mjini aliyezoea kompyuta za hoteli za Diani. Hakusifia kitu. Mfumo wake ulikaa kwenye mashine ya zahanati yenyewe, ndani ya stoo ya Msambweni, na rekodi za zamani zote zilibebwa. Badala ya namba ya simu, kila mfanyakazi alipewa kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, cha kuvaa shingoni, kwa sababu Shimoni simu hupotewa na mtandao.

"Ubaya wake ni upi?" Mwanarusi aliuliza.

"Mashine hii ikifa, hamna anayeingia popote. Itabidi muwe na jina moja la dharura, neno lake kwenye bahasha iliyofungwa, mikononi mwa Daktari. Na mfumo wa maabara ni wa zamani mno, hautaungana. Huo mtaubakisha peke yake mpaka muubadilishe."

"Na karani wa Ukunda akitaka faili la Msambweni?"

"Hataliona kabisa. Ni kama halipo."

Wakafanya jaribio lilelile. Mwanarusi alifuta jina, akapiga simu Shimoni. Kabla hajamaliza kuuliza, aliambiwa kioo kimejifunga chenyewe. Alirudia mara nne. Mara zote kilijifunga. Akamchagua Sharif.

Mfumo uliwashwa wiki ya tatu ya Aprili. Mbuvi na majina mengine kumi na moja ya watu walioondoka yalifutwa asubuhi moja. Wafanyakazi walinung'unika kuhusu vifunguo vya shingoni, wakavizoea.

Siku tisa baadaye Fauzia alipiga simu kutoka Ukunda. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Amepiga tena, da Mwanarusi. Safari hii anasema ni shemeji yake Chiku. Nimemwambia sioni mtu wa jina hilo hapa. Na ni kweli, sikuona. Niliandika jina, hakikutokea kitu."

"Kwa nini uliliandika?"

"Nilitaka kuhakikisha kwamba siwezi," alisema.

Chiku hakurudi tena Msambweni. Kwa msaada wa Twaiba alihamishiwa kwenye hospitali ya mji mwingine, akajifungua huko mtoto wa kike mwezi wa Juni. Mji gani, Mwanarusi hakuuliza, na Twaiba alipotaka kumtajia alimziba mdomo kwa mkono.

Mwanarusi bado yupo kazini. Kila asubuhi, kabla ya chai, hufungua orodha ya waliofungua mafaili jana yake na kuisoma jina kwa jina mpaka mwisho. Akikutana na jina lake mwenyewe, hata pale anapokumbuka vyema kwamba ni yeye aliyeingia, husimama kidogo, akakumbuka alikuwa wapi saa hiyo, ndipo aendelee na la pili.