Nilimuua Bosi kwa Meseji, Kisha Nikaenda Kumlilia

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na visingizio hatutamaliza leo. Mimi ndiye niliyetangaza kifo cha bosi wangu akiwa mzima wa afya. Na hilo, jamani, ndilo dogo kati ya niliyoyafanya!

Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa programu za kompyuta. Chuo kilitupeleka kwenye mafunzo ya vitendo, sisi tunaita fildi, mimi nikaangukia kampuni ndogo ya kutengeneza mifumo, ghorofani, pale Nyamagana, jijini Mwanza. Nilifika na kitambulisho kinaning'inia shingoni, miwani isiyosaidia macho, na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Nyumbani Magu walishaanza kuniita injinia. Nami nilikuwa naitika!

Ukweli ni kwamba programu nilikuwa siandiki. Nilikuwa naiomba akili mnemba iandike, nanakili, nabandika, naegemea kiti. Ikigoma, naiomba tena kwa upole zaidi. Huo ndio uliokuwa uhandisi wangu.

Tulikuwa wawili wa fildi, mimi na binti mmoja nitamwita Neema. Yeye alikuwa anaandika mwenyewe, anakosea, anafuta, anaandika upya, na kila kazi mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza. Nilikuwa namcheka sana.

Bosi wetu, nitamwita Kaka Deus, ni mtu wa Bukoba, mpole ila ana jicho. Siku moja alisimama nyuma ya kiti changu, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Injinia, huu mstari unafanya kazi gani?"

Niliuangalia ule mstari. Sikuwahi kuuona maishani mwangu.

"Huo, bosi... huo unaisaidia ile mingine."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Neema alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono. Iliniuma, siwezi kudanganya.

Sasa, kazi tuliyokuwa tunaifanya ilikuwa mfumo wa meseji wa chama cha kufa na kuzikana. Ni chama cha watu wa Kagera wanaoishi Mwanza, na Kaka Deus mwenyewe ni mwanachama. Mwenzao akifiwa, katibu au mwenyekiti anaandika mara moja, meseji inawafikia wote kwa jina la chama. Na meseji ya chama haiulizwi maswali. Mtu anaacha anachofanya, anabeba kiti, sufuria, turubai, anakwenda. Anayechelewa husemwa mpaka siku ya msiba wake mwenyewe.

Siku iliyofuata Kaka Deus alivuka kwenda Ukerewe kuwafundisha wateja. Kompyuta yangu iliganda. Wengine walikwenda kula, Neema alikuwa ametoka kununua vitafunio, kompyuta yake ameiacha wazi. Nikakaa kwenye kiti chake nijaribu kutuma meseji.

Mfumo ulikuwa na sehemu mbili, ya majaribio yenye namba za uongo, na ile halisi. Je, niliangalia niko sehemu gani? Thubutu! Injinia anaangalia?

Kwenye jaribio ungeweza kuandika chochote. Ungeweza kuandika "habari za mchana". Mimi, kwa hasira zangu za kuchekwa, niliandika: Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu Deusdedith, kilichotokea ghafla leo asubuhi. Msiba upo nyumbani kwake, Buswelu.

Nilitabasamu kabisa. Nikabonyeza. Kioo kikaniambia ujumbe umetumwa kwa wanachama wote, nami nikaenda kula ugali na sato kwa raha zangu.

Niliporudi nilimkuta Neema amekaa sakafuni, analia. Katibu wa chama, akidhani mwenyekiti ndiye aliyetangaza, alikuwa amepiga simu ya ofisi kutupa pole.

Nilielewa palepale. Wakati ule ilikuwa bado mapema, ningesema neno moja tu, "nimekosea", ikatumwa meseji nyingine, watu wakatukana, yakaisha. Lakini ningeulizwa kwa nini niliandika jina la bosi. Basi nikafanya kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani kujificha chini ya kitanda.

Nami nililia! Nililia kwa sauti kuliko Neema, mpaka yeye akaacha kulia, akaanza kunibembeleza mimi.

Tulikwenda Buswelu na ofisi nzima. Turubai lilikuwa limeshasimama, maharage yako jikoni, akina mama wamekaa kwenye mikeka. Kila aliyempigia Kaka Deus aliikuta simu imezimwa, kumbe aliizima akifundisha, akasahau kuiwasha melini. Watu walichukulia kwamba huo ndio uthibitisho. Mimi nikajifanya mchapakazi, nabeba viti, napanga viti, jasho linanitoka. Mzee mmoja akanisifu: "Kijana huyu alimpenda sana bosi wake."

Kisha akaja mke wake kutoka kazini. Mama wa watu hakuwa ameambiwa chochote, kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia. Alishuka kwenye bajaji, akaliona turubai langoni kwake, akauliza, "Ni nani?" Akina mama wakaangua kilio upya. Alianguka chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mkoba wake niliuokota mimi. Nilikuwa nimeushika mkoba wa mwanamke niliyemfanya mjane, na bado mdomo sikuufungua!

Jioni mwenyekiti wa chama alisimama kumwelezea marehemu. Shule alizosoma, vyeti, safari za nje, ukarimu wake. Hotuba ndiyo kwanza ilikuwa imefika kwenye habari za chuo kikuu pale Kaka Deus alipotokea langoni, begi begani, sangara mkononi amefungwa kwenye gazeti.

Alivua kofia kwa heshima.

"Shikamooni wazee. Poleni jamani. Tumempoteza nani?"

Mwenyekiti alikunja karatasi ya hotuba.

"Wewe hapo," akasema.

Mimi sikucheka, lakini wengine walicheka, wengine walikimbia, bibi mmoja alimmwagia maji kuhakikisha. Mke wake alimkumbatia, kisha akampiga kofi, kisha akamkumbatia tena. Mwenyekiti alinung'unika kwamba hotuba nzuri hivi sasa ataipeleka wapi.

Kesho yake kulikuwa hakuna kicheko. Mwenyekiti alikuwa ameshapiga simu kwamba chama hakitaki tena mfumo wetu. Kaka Deus alituita wote. Mfumo ulionyesha kwamba meseji ilitoka kwenye kompyuta ya Neema.

"Kompyuta ni yangu, bosi, lakini sijatuma mimi. Nilikuwa nimetoka kidogo," Neema alisema.

Kaka Deus akanigeukia. "Wewe ulibaki ofisini. Ulimwona mtu yeyote kwenye kompyuta yake?"

"Sikumwona mtu, bosi."

Kweli, sikumwona. Mtu hajioni mwenyewe! Ndivyo nilivyojifariji usiku ule, nikajiona nina akili.

Neema alisimamishwa siku hiyohiyo. Chuo kikamfutia fildi, kikamwambia arudie mwaka unaofuata. Baba yake aliposikia kwamba binti yake anachezea vifo vya watu, alimwambia asirudi nyumbani mpaka ajifunze adabu. Mimi nilipewa alama za juu kabisa. Kaka Deus aliandika kwamba nilisimama na familia yake wakati mgumu. Nilipomaliza chuo akaniajiri.

Hivi karibuni nilimkuta Neema Mabatini, kwenye duka la vyombo la shangazi yake. Alikuwa anapanga mabeseni. Nilishindwa, nikamwambia yote, machozi yananitoka, safari hii ya kweli.

Hakushangaa. Alifuta beseni moja kwa kitambaa, akaliweka juu ya mengine.

"Umemwambia Kaka Deus?"

"Bado. Nilitaka kwanza wewe unisamehe."

"Sasa mimi umeniambia nini? Mimi najua siku zote kwamba sikutuma. Kamwambie asiyejua."

Akamgeukia mteja. Nilitoka pale nikiwa mdogo kuliko sisimizi. Nimefika mlangoni kwa Kaka Deus mara nyingi tangu hapo, nabisha, ananiambia karibu, namuuliza kama anakunywa chai. Huyo ndiye mimi!

Wewe unayekwenda fildi, nisikilize. Hujui kitu, sema hujui, utachekwa asubuhi, mchana watakuwa wamesahau. Umeharibu, sema kabla mwingine hajabebeshwa, maana ukichelewa tu unaanza kunenepa kwa jasho la mwenzako, na ukishanenepa kusema kunakuwa kugumu. Usitafute msamaha kwa mtu uliyemuumiza huku bado unakula alichokikosa!

Nimemwomba mhariri asiweke jina langu, woga wenyewe haujaniisha. Lakini Kaka Deus, gazeti hili hulisoma kila asubuhi kabla hujawasha kompyuta, na hapa utakuwa umeshanijua. Siyo Neema. Mrudishie jina lake, piga simu chuoni kwake, zungumza na baba yake.

Mimi niko mezani kwangu, nje ya mlango wako. Nasubiri uniite.