Gari Lililokataa Mlima

Gereji nzima walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa. Fundi mwingine akisikia injini inakohoa, huyo keshashika spana. Yeye angevuta kiti, akakaa, akategesha sikio mpaka mwenye gari achoke kusimama. Wateja wenye pupa walimkimbia. Waliobaki walimshikilia, maana gari likitoka mikononi mwake halikurudi na maradhi yaleyale.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa kwake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki wangali wadogo. Dada huyo ndiye aliyeona shule haimwingii, akamshika mkono na kumpeleka kwa fundi akajifunze kazi. Sasa figo za dada zilikuwa zimechoka, na uhai wake uliitegemea mashine ya kusafisha damu iliyokuwa hospitali ya juu mlimani. Taratibu ndiye aliyempeleka kila zamu yake, kwa gari lake kuukuu. Dada alikaa mbele, mkoba mapajani, akimtania njia nzima.

"Mdogo wangu, ungekuwa konokono, ungepigiwa honi na konokono wenzio."

Barabara ya hospitali ilikuwa nyembamba, ukuta huku, mtaro kule, na mwinuko wake ulikwenda moja kwa moja mpaka getini.

Balaa lilianza na taa. Asubuhi moja, wakiwa katikati ya mwinuko, taa ya njano yenye picha ya gari linaloserereka iliwaka kwenye dashibodi, na nguvu za injini zikakatika. Akakanyaga mafuta, gari likaguna tu. Barabara ilikuwa kavu kabisa, wala hapakuwa na gurudumu lililoteleza. Akarudi kinyumenyume, akaingia kwa kasi zaidi, na mara hiyo gari likapanda kwa kujikokota. Dada alicheka, akasema na gari nalo linahitaji kusafishwa damu.

Taratibu hakucheka. Aliujua ugonjwa ule, japo si kwa mazoea. Kila gurudumu lina sensa yake, na sensa huhesabu meno ya pete inayozunguka pamoja na gurudumu. Kompyuta hulinganisha hesabu hizo. Ikiona gurudumu moja linazunguka kasi kuliko wenzake, hudhani linateleza, ikakata nguvu ya injini ili kuliokoa gari. Kwa hiyo gari lake lilikuwa linadanganywa na gurudumu mojawapo. Lipi, na kwa nini, hapo ndipo penye kazi.

Fundi umeme wa gereji, rafiki yake wa miaka, alimshauri njia ya mkato.

"Chomoa fyuzi. Mfumo utalala, gari litapanda. Taa ikiwaka, iwake."

Taratibu akakataa. Katika gari lile fyuzi hiyohiyo ndiyo iliyolinda breki zisijifunge kwenye utelezi. Kupanda wangepanda, lakini mlima ule una kushuka pia, na mvua zilikuwa zimekaribia. Alisema hawezi kumteremsha dada yake juu ya breki alizozilemaza kwa mkono wake mwenyewe. Tahadhari kabla ya athari. Fundi umeme akainua mabega, akamwazima mashine ya kupimia kompyuta ya gari.

Mashine ikaelekeza gurudumu la mbele kushoto. Taratibu akapandisha gari jeki, akapima sensa kwa mita, akaikuta inasoma ovyo, akaenda kwa wauza vipuri vilivyotumika na kurudi na nyingine. Muda wote huo dada alipelekwa kwa teksi. Akaifunga sensa mpya, akalijaribu gari kwenye barabara ya tambarare. Taa haikuwaka. Akalipeleka mbio, akalirudisha, taa kimya. Mlima hakuujaribu. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa zamu ya dada, mvua ilikuwa imeanza na mwenye teksi alikuwa hapokei simu. Basi, kwa mara moja katika maisha yake, Taratibu akafanya haraka.

Gari likakwama palepale pa zamani.

Maji yalikuwa yakiteremka barabarani, na nyuma yake foleni ya magari ilikuwa imeziba njia ya kurudi. Akazima, akawasha. Taa ikakaa kimya mpaka gurudumu lilipoanza kuzunguka, kisha ikawaka tena, na injini ikanywea. Honi zikaanza. Dada safari hiyo hakutania. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Mkono wa Taratibu ulikwenda mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Ulifika, ukagusa kifuniko. Akayatazama maji kwenye lami, akafikiria kushuka, na mkono ukarudi. Akapiga simu kutafuta teksi nyingine.

Ilichelewa. Walipofika, kwenye mashine ya dada alikuwa amelazwa mgonjwa mwingine. Muuguzi aliwaambia warudi kesho, wawahi. Kesho yake asubuhi, akiwa amekalishwa kitandani huku binti yake akimfunga kilemba, dada alishindwa kupumua. Maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Hawakufika naye hata barabarani.

Baada ya mazishi Taratibu alimfuata yule muuguzi, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Tungewahi siku ile, angekuwapo?"

Muuguzi alimsogelea. "Baba, hata moyo wake ulikuwa umechoka. Pengine angekuwapo, pengine asingekuwapo. Siwezi kukudanganya."

Angeambiwa ndiyo, angejua mzigo wake una uzito gani. Angeambiwa hapana, angeutua. Alipewa pengine, na pengine haina pa kushikia. Kuna saa alijilaani kwa kutochomoa fyuzi, na kuna saa alijilaani kwa kutoujaribu mlima, na hukumu hizi mbili hazikuwahi kukaa kitako zikapatana. Gereji hakuna aliyemtupia neno. Fundi umeme alimletea chai, akaiweka kando yake, akaenda zake. Kimya chake kilimuuma kuliko kama angesema, "Nilikuambia."

Siku nyingi zikapita kabla hajaligusa gari. Alipoligusa, alifungua kila kitu: gurudumu, breki, mpaka ekseli akaitoa nje na kuiosha kwa petroli. Pete ya meno ilipotakata akaiona kasoro. Upande ambao siku zote ulifunikwa na tope la grisi, kutu ilikuwa imevimba chini ya pete na kuipasua. Ufa mwembamba kama unywele. Gari likienda kasi, sensa iliuruka. Likienda polepole kwa kujikaza mlimani, iliuhesabu ufa ule kama jino la ziada, na kompyuta ikadhani gurudumu linateleza. Sensa aliyoibadilisha ilikuwa mbovu kweli, ila haikuwa mbovu peke yake.

Akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga pete nyingine, akarudisha kila kitu mahali pake. Hakuharakisha, na hapakuwa na wa kumharakisha.

Kisha akalipeleka mlimani. Mvua ilikuwa inanyesha. Gari likapanda bila kusita, injini laini, dashibodi haina taa hata moja. Kwenye kiti cha pembeni yake mkanda ulikuwa umening'inia. Getini mlinzi akamtambua, akamuuliza mgonjwa wake anaendeleaje.

"Amepumzika," Taratibu akasema.

Mlinzi hakujua amepumzika vipi. Akamfungulia geti, na kwa kuwa magari yalikuwa nyuma yake, ikambidi aingie, azunguke mbele ya jengo la mashine za damu, atoke. Kushuka akakanyaga breki kwenye utelezi makusudi. Zikashika vizuri, gari halikuyumba hata kidogo. Alipofika chini akasimama, mikono kwenye usukani, asijue aende wapi.

Dereva mmoja wa nyuma akaja kumgongea kioo, akauliza kama gari limeharibika.

"Hapana," akasema. "Limepona."

Yule mtu akamwambia basi alisogeze pembeni, anaziba njia. Akalisogeza.