Uzi wa Fundi Mkasi

Wateja walimwita Fundi Mkasi kwa sababu mkasi wenyewe hakuwa na shughuli nao: uzi aliukata kwa meno, upande wa kushoto, huku cherehani ikiendelea kunguruma. Basi taya lilipoanza kulia kila akitafuna, na mwishowe mdomo ukakataa kufunguka zaidi ya upana wa kidole, hakuna aliyeumiza kichwa. Ni uzi, walisema. Naye akaitikia, ni uzi. Daktari wa meno akang'oa magego mawili mazima kabisa, na maumivu yakabaki palepale.

Binti yake ndiye aliyemburuta hospitali akapigwe picha ya kiungo cha taya. Binti alimfuata asubuhi akitokea kwa mumewe, mwenyewe akiwa amevimba chini ya jicho. Mlango wa kabati, alisema.

"Wewe nawe, tangu utoto huangalii unakokwenda," mama akamtania.

Lakini picha hiyo mama aliiogopa kuliko maumivu. Marehemu mumewe alikuwa baba mwema, kwa watoto, na binti huyu mpaka leo akimtaja machozi yanamlengalenga. Fundi alishaapa kuingia kaburini na hadithi yake ya uzi.

Mpiga picha akamsimamisha kwenye mashine, kidevu juu ya kishikizo. Ikamzunguka kichwa mdomo ukiwa umefungwa, kisha tena akiwa ameufungua kadiri alivyoweza. Hiyo ya pili ilimtoa jasho.

Daktari akawageuzia kompyuta. "Huku kulia kichwa cha mfupa kiko sawa, mdomo ukifunguka kinateleza mbele. Huku kushoto kimepinda, kimegandana na fuvu. Mfupa huu ulivunjika zamani ukajiunga vibaya. Mama, uliwahi kuanguka? Au kupigwa?"

"Ni uzi, daktari."

"Uzi hauvunji mfupa, mama."

Binti alikuwa bado anaitazama picha. "Ni baba?" akauliza taratibu.

Mama angeweza kukana, miaka yote hiyo alikuwa akikana bila shida. Safari hii aliishiwa nguvu. Akaitikia kwa kichwa, aibu imemjaa, akangoja binti aangue kilio au amwite mwongo.

Binti hakulia. Alisogeza kiti karibu na meza ya daktari, akagusa mbele ya sikio lake mwenyewe.

"Naomba na mimi unipime. Hapa panalia nikitafuna." Kisha, bila kumtazama mama yake, akasema, "Siyo kabati."