Ardhi ya Majivu

Nilitoka shule tukiwa tumefika rasi katika somo la jiografia. Mwalimu alikuwa amechora ubaoni nchi kavu iliyochomoza ndani ya maji kama kidole, akaandika neno chini yake. Pembeni aliandika ghuba, lakini kabla hajaichora alisoma majina ya wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na langu lilikuwamo. Sikurudi. Kwa miaka mingi nilijua mlima, bonde, tambarare, ziwa, kisiwa na rasi. Nikifika kwenye ghuba naona ubao mtupu.

Hiyo ilikuwa Kawangware. Baadaye nikawa mtu wa kutembea tu. Nilibeba mawe, nikachimba mitaro, nikalala kwa fundi mmoja wa vitanda, kwenye stoo yake ya nyuma, juu ya rundo la maranda. Siku nisipopata kibarua nilifuata vijito. Kimoja nilikianzia upande wa Dagoretti, mahali kinapotoka chini ya majani kama bomba lililosahauliwa, nikakifuata kupitia msituni hadi Kibera, hadi kwenye bwawa. Nilitaka kuona maji yakifika bwawani yanafanya nini. Hayafanyi kitu. Yanasimama chini ya gugu maji.

Dada yangu alikuja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya kumzika mumewe. Yeye alilelewa na nyanya yetu huko ziwani, mimi nililetwa mjini nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo tulijuana kama watu wanaosimuliwa habari za mwenzao. Kwa desturi ya kwetu, ndugu wa marehemu alipaswa kumrithi. Dada hakutaka. Hakupiga kelele, hakulia. Aliwaambia wazee, "Nakwenda Nairobi kuuza omena. Siku nitakayokosa pa kulala huko, nitarudi, na huyu shemeji atanichukua." Wazee wakakubali. Nadhani waliona ni suala la miezi tu.

Alipata nafasi Soweto West, huko Kibera, pale kijito kile kinapopinda. Nafasi yenyewe haikuwapo. Mzee wa kijiji alimwonyesha maji, akamwambia, "Yako ni ile utakayojaza."

Ndivyo watu walivyopata ardhi pale chini. Unaweka magunia ya udongo kwenye maji, unaegemeza matairi mabovu, kisha unaziambia nyumba zote za mstari wako zimwage kwako majivu, maganda, matambara na vigae. Unakanyaga. Unamwaga tena. Mimi nilikuja kusaidia kukanyaga. Majirani walisimama ukingoni na mabeseni yao wakitucheka.

"Niaje, mnaumba dunia?" jamaa mmoja aliuliza. "Mungu alitumia siku sita, nyinyi bado mko kwa majivu!"

"Mungu hakuwa anangojea majivu yako," dada akamjibu. "Mwaga, uende."

Ardhi ilitokea polepole. Ilichomoza ndani ya maji kama kidole, nikamwambia dada kwamba hiyo ni rasi. Akasema rasi au si rasi, mradi ipate jua. Hapo ndipo ilipokuwa akili yake. Huko juu nyumba zilibanana hata kivuli hakikuwa na pa kulala, lakini pale kwenye kona jua lilipiga tangu asubuhi, na omena, wale dagaa wa ziwani, iliyopata unyevu safarini ikikosa jua inavunda. Alijenga chumba kimoja cha mabati, na mbele yake akatandaza magunia na samaki wake. Watu wakaanza kumwita Mama Omena. Shemeji alituma salamu kila mara mtu alipotoka nyumbani: je, bado ana pa kulala? Dada alijibu: anapo.

Jambo moja tuliliona sote na hatukulipa maana. Upande wetu maji yalikuwa na kasi na kina. Ng'ambo, ndani ya kona, maji yalipita taratibu na kuacha mchanga, mtoto angeweza kuvuka bila kulowesha magoti. Kijito kilikula huku na kutapika kule. Lakini sisi tulitoka kwa watu wa ziwa, na ziwa halina kona. Linapanda na kushuka. Dada alipima hatari kwa namna hiyo: aliweka sakafu juu ya alama ya maji ya mwaka uliopita, akaridhika. Alijihami na maji yanayopanda. Hakujihami na maji yanayokula kutoka ubavuni.

Kisha zikaja zile mvua ambazo hazikujua kukoma. Nilikuwa nimeshinda kwake siku hiyo, adhuhuri, chai ikiwa motoni. Maji hayakufika sakafuni. Yaliingia nyuma, kati ya ardhi yetu na ukingo, tukawa kisiwa. Nakumbuka nililitaja neno lenyewe, kisiwa, kwa sauti. Dada alishika gunia moja la omena na sufuria, mimi nikashika godoro, tukavuka maji yakiwa kiunoni. Tulipogeuka, mabati yalikuwa yameinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Kisha hayakuwapo. Majivu yote yale, miaka ile ya kukanyaga, yalitoka kama uji mweusi, yakaenda bwawani.

Jirani yule wa utani alileta chai. "Pole, Mama Omena," akasema.

Sikuhisi kitu. Nilisubiri nihisi, kama mtu anayesubiri basi mahali ambapo basi halisimami.

Dada alilala kwa majirani, leo huku, kesho kule. Habari ilifika nyumbani kabla mvua hazijakatika, na shemeji akaja. Alikuwa mtu mpole, koti lake limekunjwa vizuri mkononi. Alisimama ukingoni akaangalia.

"Nyumba ilikuwa wapi?"

Dada akaonyesha kwa kidevu. Palikuwa na shimo pana, maji yameingia ndani ya nchi kavu na kutulia, yakizungukwa pande tatu.

"Ghuba," shemeji akasema. "Kama pale kwetu tunapofungia mitumbwi."

Ndivyo nilivyoijua.

"Shemeji, ulisema mwenyewe," akaendelea. "Mbele ya wazee. Siku utakayokosa pa kulala."

"Sijakosa," dada akasema. "Nalala kwa ndugu yangu. Kawangware."

Hakuniangalia. Mimi sikuwa na chumba, hilo alilijua. Shemeji ndiye aliyenigeukia.

"Una nyumba, shem?"

"Ninayo."

"Basi twende nikaione. Wazee wataniuliza."

Tukaondoka, watu watatu, gunia la omena kichwani mwa dada. Tulipita Kianda, tukapanda kuelekea barabara ya Ngong, na mimi nikachagua njia ndefu, kwa sababu sikujua tunakwenda wapi. Nilizungumza bila kukoma. Nilimwonyesha shemeji milima ya Ngong, vifundo kama vya ngumi. Tulipofika juu nikamsimamisha. Nikamwambia huu ni mgongo; mvua ikianguka huku inateremkia bwawani, ikianguka kule inafuata bonde jingine kabisa.

"Huyu amesoma," shemeji akamwambia dada.

"Aliacha mapema," dada akasema. "Tembea, wewe."

Miguu ndiyo iliyoamua. Ilinipeleka kwa yule fundi wa vitanda, Kawangware. Alikuwa anapiga randa, penseli sikioni, akatuona tukiingia: mwanamke mwenye gunia, mgeni mwenye koti, na mimi.

"Nimemleta dada yangu nyumbani," nikasema. "Na shemeji amekuja kupaona."

Fundi alitazama gunia. Akanitazama mimi. Yeye pia alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, na kwao pia wajane hufuatwa ili warithiwe.

"Mpangaji wangu," akasema, "mbona hukuniambia una wageni? Ningefagia." Akafungua stoo ya nyuma. "Karibuni. Kitanda chenu hicho hapo, bado varnishi tu. Msikikalie."

Shemeji aliingia, akagusa ukuta wa mbao, akapima kwa macho. Aliuliza maji huwa yanafika wapi. Fundi akacheka. "Huku juu? Maji tunayanunua kwa mitungi." Shemeji akaitikia kwa kichwa, akakubali soda, akaipokea omena aliyofungiwa na dada, na jioni akapanda basi la kurudi.

Fundi alitoa penseli sikioni. "Sasa sikiliza, buda. Mimi siongopi mbele ya wageni. Nimesema wewe ni mpangaji, basi ni mpangaji. Ukipotea, huyu mama analala wapi?"

Sikupotea. Nilikaa pale hadi muongo ulipoisha. Dada alianika omena juu ya paa la karakana, na mbao zote zikanuka ziwa. Wateja walilalamika kwamba vitanda vyao vinanuka samaki. Fundi aliwaambia ni harufu ya mbao mpya.

Mara moja moja nilishuka Soweto West kuangalia. Ng'ambo ya kona mchanga ulikuwa umeongezeka, vijana wakicheza mpira juu yake. Upande wetu mtu mwingine alikuwa ameanza kuweka magunia.