Pepo Aitwaye Vitamini

Habari hii mmeshaisikia kwa watu, basi isikieni sasa kwangu mimi niliyeaibika, nanyi mnipime kwa haki. Ndiyo, ni mimi yule mama aliyetolewa pepo kanisani hapa Bofu, mchana kweupe, kanisa limejaa.

Ilianzia kwa Mama Neema wa kwaya, jirani yangu. Alinitazama nikichota maji akaniambia nimeparara, mwili umekwisha vitamini, na kwamba mboga za siku hizi ni majani tu. Mimi niliishia darasa la sita, na mtu akinitajia herufi na namba (B hii, B ile) huwa nanyenyekea, kwa hiyo nikanunua kichupa kimoja kutoka kapu lake la vidonge anavyouza. Nisimsingizie: alisema kidonge kimoja kwa siku, tena baada ya kula. Kumeza vitatu, asubuhi ya Jumapili, nami nimefunga, huo uamuzi ulikuwa wangu. Lakini siku ile nilikuwa natambulishwa kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, baada ya miaka sita ya kusaidia tu, kupangusa watoto kamasi na kupanga mabenchi, nikataka ning'ae.

Nikang'aa kweli. Katikati ya mahubiri uso ukaanza kuwaka kama nimepakwa pilipili, moto ukashuka shingoni, kifuani, mikononi, na mwasho juu yake, nikajikuna kwa adabu, kisha nikajikuna bila adabu, kitambaa cha kichwa kikaanguka, nikasimama nitoke nikajimwagie maji, na kumbe kule kusimama ndiko kulikonimaliza, maana akina mama wawili walishanidaka makwapa wakanifikisha mbele. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe uliye ndani ya huyu mama, taja jina lako."

Nilitaka nieleze ukweli.

"Ni vitamini, mchungaji."

"Pepo Vitamini, toka!"

Kanisa zima likaitikia toka (na walioitikia kwa sauti kubwa zaidi ni watoto wa darasa langu). Nikamtafuta Mama Neema kwa macho aseme neno moja tu, yeye aliyejua. Alikuwa amefumba macho, anaimba. Baada ya kama nusu saa mwasho ukapoa wenyewe, vigelegele vikapigwa, pepo katoka.

Kesho yake nilikwenda zahanati na kichupa changu. Muuguzi akasoma maandishi, akaniuliza huwa nala nini. Nikamwambia ugali, mchicha, kunde, dagaa, embe likiwepo. Akaniuliza basi vidonge vya nini, kwani hupewa mjamzito, au mtu aliyepimwa akaonekana amepungukiwa, na hivi vyangu ukimeza vingi kwa mpigo kabla hujala humwasha yeyote. Nilipomfuata Mama Neema hakuomba radhi.

"Mwenzangu, si umeona vyafanya kazi?"

Hilo ningelivumilia. Lakini wazee wa kanisa wakaniita, wakasema darasa bado ni langu, ila Jumapili nisimame kwanza nitoe ushuhuda jinsi pepo alivyonitoka. Wiki nzima nilijiuliza mimi ni nani hata nibishane na mchungaji, na pengine kulikuwa na vyote viwili, pepo na vidonge. Pengine. Lakini aliyekuwa ndani ya ngozi ile ni mimi, na hao watoto ndio ningewafundisha kusema kweli. Nikasimama, nikawashukuru kwa maombi (waliniombea kwa moyo, hilo silipingi), nikasema nilimeza vidonge vitatu bila kula, vikaniwasha, basi. Nikakaa. Hakuna aliyesema amina.

Nimeapa sitameza tena kidonge ambacho sikuandikiwa zahanati, na kiapo hicho ni chepesi. Kinachonishinda ni kunyamaza, maana darasa amepewa Mama Neema (anafundisha vizuri, nakiri), na Jumapili iliyopita nilimsikia mlangoni, kapu mkononi, akiwaambia wazazi kwamba watoto wao wanaonekana wamepungukiwa.