Mkaguzi Kaja, Oveni Haipo

Asubuhi ile Mama Mikate alifagia kama anayemngoja bibi harusi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, maana mikate yake ilikuwa ikitoka motoni kabla majirani hawajanawa uso. Lakini tangu upepo uezue paa la jiko, hapakutoka hata andazi. Dari iliangukia oveni, mvua ikamalizia kazi, na bati lililopaa likatua kwenye kioo cha mbele cha gari la mumewe. Bila oveni Mama Mikate hana kazi. Na leo ndiyo mkaguzi wa bima anakuja kuona hasara.

"Mgeni haonyeshwi takataka," mama mkwe alisema, akimpokonya ufagio kwa sababu anafagia polepole.

Basi wakajitosa kazini wote. Vipande vya dari vikachomwa. Ukuta uliolowa ukasuguliwa mpaka ukatakata. Juu wakafunga turubai jipya. Mume naye akaosha gari, likang'aa ajabu, ufa wa kioo ukang'aa pamoja nalo.

Mkaguzi alipoingia, baba mfupi mwenye viatu vya kung'ara, aligeuka huku na kule jikoni.

"Jiko safi sana, Mama. Sasa kilichoharibika kiko wapi?"

Mume akanyoosha kidole juu, kwenye turubai.

"Bima yenu ya nyumba inalipa jengo likipigwa na dhoruba," akaeleza kwa upole, "na vitu vya ndani mlivyoviandikisha. Paa nimeliona. Oveni mmeiandikisha, vizuri sana. Ila siwezi kuandika kitu nisichokiona. Iko wapi?"

Mama Mikate akamgeukia wifi yake, dada wa mumewe. Wifi akawa anahesabu vidole vya miguu.

"Wifi! Sema!"

"Nimempa Nati," wifi akanong'ona. Nati ni mnunuzi wa vyuma chakavu, hapiti mtaani bila kuondoka na kitu. "Kapita alfajiri na mkokoteni. Ilikuwa inatia aibu, wifi yangu. Nikaona mgeni asije akaikuta imekaa kama maiti."

"Nina nyumba nyingine hapo nyuma," mkaguzi akasema, akificha tabasamu. "Nikitoka huko nitapita tena. Nikiikuta, sawa. Nisipoikuta, nitaandika haikuonekana."

Hakuwahi hata kufunga mdomo. Mama Mikate alikuwa keshavuka kizingiti, aproni ikipepea, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Wifi nyuma yake, akihema kama mvukuto.

"Mama Mikate, kuna moto?" fundi cherehani akapiga kelele.

"Bado! Ukiwaka nitakuletea mkate!"

Kwenye uwanja wa vyuma akaiona oveni yake imelala chali, mlango wazi, na Nati kasimama juu yake, nyundo kubwa imeshapanda hewani.

"Usipige! Nati, kwa heshima ya mama yako, usipige!"

Nyundo ikaganda. "Mama, hiki chuma si nimepewa?"

"Umepewa na asiye mwenyewe!"

"Na mimi leo ni chuma chakavu, sina mwenyewe," wifi akasema, akiketi juu ya tairi. "Mkinizika, nizikeni papa hapa."

Nati akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Wakaipakia, yeye akivuta, wao wakisukuma, majirani wakishangilia njia nzima kana kwamba ni kombe. Walikata kona ya nyumbani wakati uleule mkaguzi anatokea upande wa pili.

Akainama palepale barabarani. Akaona pale ilipobonyea, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na maji, matope na vipande vya dari ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvifagia.

"Hii ndiyo hasara," akasema. "Nitaandika ilipwe."

Mama Mikate aliruka, akamkumbatia wifi, nusura amkumbatie na mkaguzi.

"Na kioo changu?" mume akauliza, kifua mbele. "Bati ni langu, gari ni langu, bima zote mbili ni zangu!"

"Tatizo ndilo hilo, Baba. Bima ya nyumba haihusiki na gari. Na ya gari mmekata ndogo. Hiyo inalipa mali ya mwenzio gari lako likiiharibu. Ungegonga ukuta wa jirani, jirani angelipwa. Kioo chako kilihitaji bima kubwa."

"Kwa hiyo jirani ana bahati kuliko mimi?"

"Kwa gari hili, ndiyo," mkewe akadakia, na hata yeye mume akacheka, akiupapasa ule ufa. "Basi ikiisha hii, nakata kubwa."

Mkaguzi akatoa simu aipige picha oveni. Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni, ufagio na ndoo mkononi, amekunja uso kwa yale matope.

"Mama, acha!" wakapiga kelele wote, na Nati akiwemo.

"Haya," mama mkwe akasusa, akaweka ndoo chini. "Nyumba yangu mwenyewe, nimekatazwa kufagia."